Kumsaka babu aliyekuwa mlinzi wa pwani wa Uingereza

Cheti cha ndoa cha zamani kikisema kwamba baba wa bibi harusi alikuwa "Coast Guard", usikimbilie kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Watu hawa hawakukaa mahali pamoja. Kanuni ya kikosi ilimzuia mtu kupangiwa kituo kilicho ndani ya maili 20 kutoka alikozaliwa au alikokuwa akiishi, na baada ya miaka michache alihamishwa tena, mara nyingine akavushwa bahari hadi Ireland. Sababu ilikuwa magendo: mlinzi mwenye mashemeji kijijini ni mwepesi wa kufumba macho mapipa ya brandi yanaposhushwa usiku. Ndiyo maana familia moja huwa na mtoto wa Devon, wa Cork, wa Norfolk na wa Kent, na kila kijiji kina karatasi moja tu inayowahusu. Kwa hiyo anza na watoto. Mahali walipozaliwa ndipo palipokuwa na kituo cha baba, na ukishapata kituo na mwaka, vitabu vya kikosi vinafunguka.

Mwaka unaamua ofisi

Kabla ya kuagiza chochote, jua babu alikuwa chini ya nani, kwa sababu karatasi zake zilibaki kwa mwajiri.

Kikosi chenyewe, Coast Guard, kiliundwa mwaka 1822 kwa kuunganisha makundi matatu ya kuzuia magendo: askari wa farasi wa Forodha waliopiga doria nchi kavu, meli ndogo za doria za Forodha, na Preventive Water Guard, watu wa mashua walioanzishwa mwaka 1809. Kwenye pwani ya Kent na Sussex palikuwa na kundi la nne, Coast Blockade, lililoendeshwa na Jeshi la Majini hadi mwaka 1831 Walinzi wa Pwani walipochukua kazi hiyo. Kikosi kizima kilibaki chini ya Forodha mpaka mwaka 1856, kikahamishiwa Jeshi la Majini. Katika miaka ya 1920 kilipunguzwa sana na kukabidhiwa Bodi ya Biashara.

Mzee wa kabla ya 1822 hutafutwa kwenye karatasi za Forodha, na huko jiandae kukuta mapengo: jengo kuu la Forodha la London liliungua Februari 1814 na karatasi nyingi zikaenda nalo. Mzee wa Coast Blockade hutafutwa kama baharia, si kama mlinzi, kwa sababu aliandikwa kwenye daftari la meli hata kama usiku wote alikuwa akitembea ufukweni. Meli zenyewe zilikuwa HMS Ramillies, iliyotia nanga karibu na Deal, na HMS Hyperion kule Newhaven. Daftari za mabaharia wake ziko kwenye mfululizo wa ADM 37 (ADM ni alama ya rekodi za Jeshi la Majini kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza). Wengi huliona jina la Ramillies wakaamini babu alizunguka dunia, kumbe hakuvuka hata mlango wa bahari kwenda Ufaransa.

Mzee wa 1822 hadi 1923 ndiye anayetafutwa na wengi, na maelezo yafuatayo yanamhusu yeye zaidi.

Hakikisha kweli alikuwa mlinzi

Rekodi zote ni za Kiingereza na makarani walipenda vifupisho. Daraja la chini la kudumu liliitwa "Boatman", juu yake "Commissioned Boatman", kisha "Chief Boatman", halafu "Chief Officer", ambaye ndiye mkuu wa kituo. Kwenye sensa utakuta "Comd Btn", "Ch. Btmn C.G." na mengine ya namna hiyo. Juu ya wakuu wa vituo alikuwepo "Inspecting Commander", ofisa wa Jeshi la Majini aliyesimamia vituo kadhaa. Katika miongo ya mwanzo hata wakuu wa vituo wengi walikuwa maluteni wa majini waliokosa meli baada ya vita vya Napoleon. Huyo atafutwe pia kwenye ADM 196, zilipo kumbukumbu za maofisa.

Neno "Boatman" likiwa peke yake halitoshi. Mwenye mashua ya kukodisha na mpiga kasia wa bandarini nao waliandikwa hivyo. Tazama majirani: nyumba za walinzi zilijengwa kwa safu moja kando ya kituo, hivyo ukurasa wenye "Boatman" watano au sita waliozaliwa kaunti tofauti tofauti ni kituo. Ukurasa wenye "Boatman" mmoja kati ya wavuvi wazawa ni mtu mwingine. "Tide waiter" na "Coast waiter" walikuwa watumishi wa Forodha bandarini, wakikagua mizigo, na hawamo kwenye vitabu vya Walinzi wa Pwani.

Sensa: kuwasoma watoto kama ramani

Chora jedwali lenye nguzo tano: tarehe, mahali, rekodi, umri uliotajwa, cheo. Kila unachokipata kiingie humo kabla hujafungua ukurasa mwingine. Kisha tafuta sensa moja, yoyote ile, ambamo familia iko pamoja na watoto wengi, na uifanyie hesabu.

Huu ni mfano wa kubuni. Sensa ya 7 Aprili 1861, kituo kimoja cha Sussex. Baba ana miaka 41, amezaliwa Devon. Mama ana 38, wa Kent. Mtoto wa kwanza ana 13, wa Kent. Wa pili ana 10, wa Ireland. Wa tatu ana 7, wa Ireland. Wa nne ana 3, wa Sussex. Wa mwisho ana miezi 5, wa Sussex.

Mtoto wa 13 alizaliwa kati ya Aprili 1847 na Aprili 1848. Wa 10 alizaliwa kati ya Aprili 1850 na Aprili 1851. Kwa hiyo walivuka kwenda Ireland kati ya 1847 na masika ya 1851. Wa 7 ni wa Aprili 1853 hadi Aprili 1854, na wa 3 ni wa Aprili 1857 hadi Aprili 1858, basi walirudi kati ya 1853 na 1858. Tayari una mihamo miwili, kila mmoja ndani ya miaka isiyozidi mitano, na hujalipa senti.

Sasa soma yasiyoandikwa. Usihangaike kuwatafuta kwenye sensa ya England ya 30 Machi 1851, maana inaelekea walikuwa Ireland, na sensa ya Ireland ya mwaka huo iliteketea karibu yote. Mwaka 1841 baba alikuwa na miaka kama 21. Ikiwa alikuwa baharia melini usimtegemee kwenye sensa, kwa kuwa mwaka huo mabaharia wa meli za kivita hawakuorodheshwa kwa majina. Pengo kati ya mtoto wa 7 na wa 3 nalo lina maana. Uingereza ilipoingia Vita vya Krimea mwaka 1854 walinzi wengi waliitwa melini kujaza manowari, na familia nyingi za walinzi hazina mtoto wa 1855. Huenda pia kuna mtoto aliyefariki katika pengo hilo, hivyo usilifunge mpaka uangalie vifo.

Mambo machache ya sensa yanayopoteza watu. Mwaka 1841 umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi kigawe cha 5, hivyo mtu wa 34 anasoma 30, na mahali pa kuzaliwa ni jibu la ndiyo au hapana kuhusu kaunti hiyo, pamoja na herufi I kwa Ireland na S kwa Uskoti. Kuanzia 1851 parokia inatajwa, lakini kwa waliozaliwa Ireland karani mara nyingi aliandika nchi tu. Usiridhike na sensa moja. Tafuta mtoto yuleyule kwenye 1861, 1871 na 1881, kwa sababu karani mmoja kati ya watatu huandika kaunti au hata jina la kituo. Na baba asipokuwepo nyumbani usimhesabu marehemu: huenda alikuwa kwenye meli ya doria au mazoezini. Mke akiandikwa kama mke wa mlinzi, si mjane, mtafute baba kwenye orodha za meli, zinazowekwa mwishoni mwa sensa, mbali na mitaa.

Sensa za England na Wales zilizo wazi zinaishia 1921. Ile ya 1931 iliungua mwaka 1942. Baadhi ya tovuti zina faharasa za bure, hasa FamilySearch na FreeCEN. Picha zenyewe mara nyingi hulipiwa.

Vyeti, na kwa nini mtoto wa Uskoti ni bahati

Usajili wa serikali ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, Uskoti 1 Januari 1855, Ireland mwaka 1864, ingawa ndoa za wasio Wakatoliki Ireland zilianza kusajiliwa mwaka 1845. Familia ya mlinzi huangukia pande zote tatu, na vyeti vya nchi hizo havilingani.

England, anza na faharasa ya ofisi kuu ya usajili yenyewe, GRO. Unahitaji akaunti, lakini kutafuta ni bure, na humo jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa limetajwa tangu 1837. Tovuti ya bure ya FreeBMD ni nzuri na ya haraka, ila jina la mama humo linaanza robo ya Septemba 1911. Katika mfano wetu, tafuta mtoto wa Kent wa 1847–1848 na mtoto wa Sussex wa 1857–1858 wenye jina la baba. Jina la mama litakalojitokeza kwa wote wawili ndilo. Ukishalipata, ndoa inatafutwa Kent kabla ya 1848, kwa sababu mama ni wa huko na mtoto wa kwanza alizaliwa huko. Cheti cha ndoa kitakupa baba za wote wawili na kazi zao. Usishangae baba wa bibi harusi naye akiwa mlinzi. Kituo kilikuwa kijiji ndani ya kijiji, wenyeji hawakuwapenda watu wa doria, na mabinti wa kituo waliolewa kituoni.

Faharasa imepangwa kwa robo ya mwaka kwa tarehe ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa, na wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili. Mtoto wa Desemba hukutwa robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Kabla ya 1875, sheria mpya ilipoanza kuwabana wazazi, watoto kadhaa hawakusajiliwa kabisa. Hapo nenda kanisani. Fomu za ubatizo za Kanisa la Anglikana England zina nafasi ya kazi ya baba na makazi tangu 1 Januari 1813, kwa hiyo hata miaka ya 1820 unaweza kusoma "Preventive Service" au "Coast Guard" pembeni mwa jina la mtoto. Walinzi wengine walikuwa Wamethodisti, na madaftari yao yako mahali pengine. Ukikosa kanisani usihitimishe kwamba hakuna ubatizo.

Ikiwa mtoto hata mmoja alizaliwa Uskoti mwaka 1855, au kuanzia 1861, acha mengine yote ukachukue cheti chake kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya rekodi za Uskoti. Vyeti vya kuzaliwa vya Uskoti vya miaka hiyo vinataja tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Cha England hakisemi, cha Ireland hakisemi. Familia iliyofunga ndoa Plymouth, ikapitia Ireland, ikamzaa mtoto wa sita huko Uskoti, inakupa ndoa ya Plymouth kwenye karatasi ya Uskoti. Vyeti vya 1856 hadi 1860 havina habari hiyo. Iliondolewa kisha ikarudishwa. Cheti cha kifo cha Uskoti nacho hutaja wazazi wote wawili wa marehemu, hivyo mlinzi aliyestaafu na kufia huko ameacha majina ya baba na mama yake, ilimradi aliyeripoti kifo aliyajua.

Ireland ndiko wengi wanakokata tamaa, na ni kweli kuna majivu mengi. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote kwenye moto wa Four Courts, Dublin, zilikohifadhiwa, mwaka 1922, pamoja na madaftari mengi ya Church of Ireland, kanisa la Anglikana la huko. Zile za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Yaliyobaki, hata hivyo, ni mazuri na ni ya bure. Sensa za 1901 na 1911 ziko mtandaoni kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa ya Ireland, nazo hutaja dhehebu, jambo ambalo sensa za England hazikuuliza. Tovuti ya irishgenealogy.ie ina picha za vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75 na vifo vilivyopita 50. Kwa mtoto wa kabla ya 1864 tafuta ubatizo: familia iliyotoka England kwa kawaida ilikwenda Church of Ireland, na madaftari yaliyookoka ya kanisa hilo yako kwa wingi RCB Library, maktaba ya kanisa hilo huko Dublin, au bado parokiani. Tafuta pia katika uthamini wa ardhi wa Griffith, uliochapishwa 1847 hadi 1864. Walinzi wenyewe hawatajwi huko mara nyingi, lakini kituo hutajwa, nawe unapata jina sahihi la kijiji na parokia, ambalo karani wa Sussex aliliandika kwa sikio lake.

Majina ya Ireland yalibadilika. Queenstown ya rekodi ndiyo Cobh ya leo, na Kingstown ndiyo Dún Laoghaire. Kituo pia huweza kuwa na jina la ghuba au rasi wakati parokia ina jina jingine kabisa. Weka ramani ya zamani mezani.

ADM 175: vitabu vya kikosi

Hapa ndipo kazi yote ya sensa inapolipa. Mfululizo wa ADM 175 uko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, The National Archives, huko Kew, London. Ndani yake mna vitabu vya vituo vya kuanzia 1819 hadi 1869, faharasa za baadhi ya miaka, rejista za walioondoka kazini, na kumbukumbu za utumishi za miaka ya baadaye. Vitabu vya vituo vimepangwa kwa nchi, kisha kwa wilaya na kituo, si kwa jina la mtu. Ndiyo maana anayekuja na jina peke yake hurudi mikono mitupu, na anayekuja na "kituo hiki, karibu 1858" hutoka na maisha mazima.

Fungua katalogi ya mtandaoni, andika ADM 175, chuja kwa nchi na miaka. Angalia kama juzuu unalolitaka lina picha za kupakua. Kama halina, agiza nakala au nenda Kew na kadi ya msomaji. Ndani ya juzuu tafuta kwanza wilaya, kisha kituo. Kila kituo kina orodha ya nafasi zake, kuanzia mkuu hadi watu wa mashua, na kila jina lina tarehe ya kuteuliwa, alikotoka, na akiondoka, alikokwenda na sababu. Andika yote matatu. Alikotoka kunakurudisha nyuma kituo kimoja. Alikokwenda kunakusogeza mbele. Ukipata mahali pamoja pa kushikia, unaweza kumfuata mtu huyo hatua kwa hatua mpaka siku alipoingia kikosini, mara nyingi pamoja na jina la meli aliyotokea.

Kinachowakwamisha watu hapa ni mpaka wa kitabu. Mlinzi akihamishwa kutoka Kent kwenda Cork, anatoka kwenye kitabu cha England na kuingia cha Ireland, na kitabu cha England kinanyamaza. Mtafuta anasema alikufa. Chukua tarehe ya kuondoka, fungua juzuu la Ireland la miaka hiyohiyo, na uende kwenye kituo kilichotajwa. Tarehe ya kufika itakuwa siku au wiki chache mbele. Tarehe zisipokutana kabisa, una watu wawili wenye jina moja. Kwa majina ya kawaida hili si jambo la nadra, na hapo watoto wako wa kwenye jedwali ndio waamuzi: ambaye mihamo yake inafuata mahali watoto walipozaliwa ndiye wako.

Ukiwa kwenye ukurasa, nakili majina ya kituo kizima, siyo la babu tu. Wenzake ndio waliosimamia ndoa na ubatizo wa watoto wake, na hao hao huenda wakawa wakwe. Mmoja akikuongoza kwenye kituo ambacho babu alipitia bila kuacha mtoto, dakika tano za kunakili zimejilipa.

Alihudumu kwenye meli ya doria, si kwenye kituo? Daftari za meli hizo za 1824 hadi 1857 ziko ADM 119, na hupangwa kwa jina la meli.

Maisha yake ya ubaharia

Kadiri miaka ilivyokwenda kikosi kilijazwa mabaharia wa Jeshi la Majini, na baada ya 1856 ndivyo ilivyokuwa kawaida. Hivyo mlinzi ana jalada la pili.

Akiwa aliingia jeshini mwaka 1873 au baadaye, yuko ADM 188. Ukurasa mmoja una tarehe na mahali pa kuzaliwa, urefu, rangi ya macho, alama za mwilini, meli zote na alama za mwenendo. Waliokuwa bado kazini mwaka 1873 nao walihamishiwa humo. Kati ya 1853 na 1872 mabaharia walipewa namba za utumishi endelevu kwenye ADM 139. Namba hadi 1858 zina herufi A mwishoni, za 1859 hadi 1872 zina B. Kama aliingia akiwa mvulana, fomu ina idhini ya mzazi, na saini ya mama au baba ya mwaka 1855 si kitu cha kupita nacho haraka. Namba hiyo iandike kila mahali; ndiyo inayomtenganisha na wenye majina kama yake.

Kabla ya 1853 baharia aliajiriwa kwa meli moja, akalipwa, akaachiwa, na hakuna daftari kuu. Kuna njia mbili tu za maana. Ya kwanza ni ADM 29, vyeti vya utumishi vilivyokusanywa kwa walioomba pensheni na mambo kama hayo. Kama babu yumo, meli zake zote ziko kwenye mstari mmoja. Ya pili ni daftari la meli, na hapo lazima ujue meli kwanza, ndiyo maana jina la meli kwenye ADM 175 lina thamani.

Kwenye jalada la baada ya 1856 kuna mtego. Pwani iligawanywa kwa wilaya, kila wilaya ikawa na meli yake ya ulinzi, na walinzi wa wilaya waliandikwa chini ya meli hiyo. Mtu wa Essex anaweza kuonekana yuko HMS Pembroke kwa miaka, kwa kuwa Pembroke ilikuwa meli ya wilaya pale Harwich; HMS Hawke ilikuwa Queenstown na HMS Ajax Kingstown. Hakuwa baharini. Alikuwa kwenye nyumba ya mawe juu ya mwamba, na watoto wakizaliwa kila baada ya miaka miwili. Ukikuta mtoto amezaliwa nchi kavu wakati "baba yuko melini", angalia kwanza kama ni meli ya wilaya kabla ya kuanza kumshuku mama.

Aliyeitwa vitani 1854 hadi 1856 huenda ana medali ya Baltiki au ya Krimea. Orodha za medali ziko ADM 171, zikipangwa kwa meli.

Uzeeni, na karatasi za watoto

Pensheni za walinzi ziko PMG 23, mfululizo mwingine wa hifadhi hiyohiyo ya Kew. Malipo hukoma anapofariki, kwa hiyo daftari hilo ni njia ya kupata kifo cha mzee aliyestaafu mbali na kila kituo alichowahi kukaa. Kwa wosia, faharasa ya England na Wales inaanza Januari 1858, na ya Ireland ya 1858 hadi 1920 ni bure kwenye tovuti ya hifadhi yao ya taifa.

Hazina ambayo wengi wanaipita ni ADM 73, maombi ya kujiunga na shule ya hospitali ya mabaharia ya Greenwich. Shule hiyo ilichukua watoto wa mabaharia na walinzi. Mzazi aliyeomba alileta cheti cha ndoa, ushahidi wa ubatizo wa mtoto na maelezo ya utumishi wa baba, na karatasi hizo zilihifadhiwa pamoja. Zinafika hadi 1870. Kwa mtoto aliyebatizwa kwenye kanisa la Ireland ambalo madaftari yake yaliungua 1922, nakala iliyopelekwa Greenwich miaka ya 1840 inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki duniani. Tafuta kwa jina la kila mtoto wa familia, hata yule usiyemhitaji, kwa sababu bahasha ya kaka ina ndoa ileile ya wazazi.

Magazeti yaache mpaka uwe na vituo na miaka. Walinzi ndio waliorusha roketi za kamba kwenye meli zilizopanda mwamba na mara nyingi ndio waliopiga makasia ya mashua za uokoaji, na magazeti ya kaunti yaliandika majina yao. Tafuta jina la kituo pamoja na neno "wreck", kisha soma makala nzima. Mashine inayosoma herufi za zamani huharibu majina ya watu kuliko majina ya mahali. Maofisa hutajwa zaidi. Sir James Dombrain, aliyeongoza Walinzi wa Pwani wa Ireland wakati wa njaa kuu, alikaripiwa kwa kuwagawia wenye njaa unga bure mwaka 1846, na unga huo uligawiwa kupitia vituo. Kama babu alikuwa magharibi mwa Ireland mwaka huo, ni jambo la kulitafuta.

Kwa aliyekuwa Ireland mwishoni kabisa, jedwali lako litaishia ghafla. Vituo vingi vilichomwa kati ya 1920 na 1923, na baada ya 1922 kikosi kikaondolewa katika sehemu iliyopata uhuru. Mtafute kwenye kadi za utumishi za ADM 175 za 1900 hadi 1923, kisha kwenye rejista ya England na Wales ya 1939, ambayo ina tarehe kamili ya kuzaliwa. Ilinganishe na ile ya ADM 188. Zikipishana mwaka mmoja au miwili si ajabu, vijana waliongeza umri ili wapokelewe. Siku na mwezi zikilingana na mahali pa kuzaliwa pakiwa palepale, ni yeye.